Ujumbe wa Nesi Niliokaa Nao Miaka Minane

Bupe mwanangu,

Ni saa tisa alasiri, mvua inapiga mabati kama kawaida yake, na wewe uko Lufingo kumuaga bibi yako. Najua utarudi na mkungu wa ndizi ambao hukuuomba, na kesho alfajiri utabishana na kondakta kuhusu huo mkungu, na yeye atashindwa kwa sababu hajawahi kukutana na mbishi kama wewe. Mambo ya sanduku, blanketi na vyeti sitayagusa humu. Baba yako ameshayakagua mara tatu, na kila akimaliza anaanza upya.

Nimekaa jikoni karibu na moto. Mkono wangu umezoea kuchuma chai kuliko kushika peni, kwa hiyo ukikuta herufi zimelala usizicheke. Mbele yangu liko lile daftari lako lenye jalada la bluu. Asubuhi uliliweka karibu na chupa ya chai ukasema, "Mama, hili ni la mdogo wangu Neema akifikia umri wake. Lakini soma wewe kwanza." Kisha ukachukua mwavuli ukaondoka haraka, hata uji hukuumaliza.

Nimelisoma lote. Ndiyo sababu naandika. Ulipokuwa na miaka kumi na miwili nilipewa ujumbe nikufikishie, na sikuufikisha. Nimekaa nao miaka minane. Sitaki upande basi ujumbe ukiwa bado umebaki kwangu, na kwa mdomo nimejaribu wiki nzima nikaishia kukuuliza kama umefunga mswaki.

Lakini kabla ya aibu yangu, niache kwanza nijivune. Juzi baba yako alisimamisha trekta kwenye banda la kupimia chai, majani ya watu yakisubiri, akatangaza kwamba binti yake anaenda Dodoma kusomea mawe. Mzee mmoja akamuuliza, "Mawe nayo yanasomewa? Si yamejaa hapa kila mahali?" Baba yako akamjibu, "Ndiyo maana unayakanyaga tu." Alirudi nyumbani akanisimulia mara mbili, na mara ya pili mzee alikuwa ameshakuwa wazee watatu. Nilijifanya sijali, nikaingia chumbani nikacheka peke yangu kwa furaha.

Nilikuwa nayajua hayo ya mawe kabla ya walimu wako. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa unarudi kutoka mtoni mifuko ya sketi imechanika. Jiwe ulililowesha, ukalisugua, ukalinusa, ukaliweka juani siku jua likikumbuka kutoka, na hapo ndipo ulipotamka ni jiwe gani. Mimi na wewe tunatofautiana hapo. Mimi sehemu kubwa ya maisha yangu nimekitaja kitu jina kabla ya kukitazama.

Nilipoolewa nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kitu pekee nilichofundishwa kuhusu mwili wangu ni damu. Kwetu mama alikuwa haongei mambo hayo na binti yake. Alimngoja shangazi, na shangazi naye alingoja damu ya kwanza. Wa kwangu alikuja kutoka Kyela na furushi la samaki wakavu. Akanifundisha kukunja kitambaa, na kukifua pasipo kuonekana, na kutopita mbele ya wanaume siku hizo. Akala, akalala siku mbili, akaondoka. Kuhusu ute hakusema neno. Ule ute unaokuja na kuondoka kila mwezi, leo mzito, kesho unateleza, keshokutwa haupo, niliuona mwenyewe na nikaamua mwenyewe kwamba ni ugonjwa.

Huku kwenye chai nikapata wenzangu wenye imani hiyo hiyo. Unajua jinsi tunavyofunga plastiki kiunoni asubuhi, na bado hadi saa nne umeshalowa hadi kwenye mifupa. Wanawake walisema umande wa chai ndio unaoingia mwilini na kutoka kwa njia ile. Na dawa yake, walisema, ni chai hiyo hiyo. Mama Subi, aliyekuwa anachuma mstari wa jirani na wangu, alininyooshea vidole vyake. Unavijua vidole vya wachuma chai: utomvu unavifanya vyeusi, ngozi inakaza na kukauka kama ya kenge. Akaniambia, "Unaona? Chai inakausha. Kama inakausha mkono, na kule si itakausha?" Sidhani kama kuna mahali pengine duniani wanawake wangepiga hesabu hiyo.

Basi tulichemsha majani mabichi na chumvi hadi maji yakawa meusi, tukayaacha yapoe, tukajiosha nayo, na si kwa nje tu. Siku mbili nilikuwa mkavu na nikajiona mwanamke msafi kuliko wote wa Rungwe. Siku ya tatu mwasho ukaanza. Baada ya wiki ukaja uchafu wa kweli, wa kijivu, wenye harufu ya samaki. Nikanunua vidonge vya rangi mbili dukani bila kupimwa, nikameza vichache nikaacha, nikarudi kwenye chai. Nilizunguka hivyo miaka mingi, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mgomba. Nilimtuhumu hata baba yako kwamba ananiletea magonjwa ya barabarani. Alikwenda kulala kwa kaka yake siku nne, akarudi akasema hana barabara nyingine zaidi ya hii ya trekta. Kumbe kilichokuwa kinaniumiza ni sufuria yangu mwenyewe.

Nakueleza haya ili ujue ni mama wa namna gani aliyekuta nguo yako ya ndani nyuma ya kuni.

Ulikuwa darasa la sita. Wiki ile mvua haikukatika, na nguo zote zilikuwa zinaning'inia hapa jikoni. Nikainama kuchukua kuni nikaikuta umeificha nyuma ya rundo, umeifua kwa siri, imebaki na alama ya manjano. Ulikuwa hujavunja ungo. Na mimi kabla yako nilikuwa nimezaa wavulana wawili tu, sikujua lolote la msichana anayekua. Nikapiga hesabu yangu ya haraka: damu bado, ute upo, basi kuna mtu. Nilikuita.

"Nani amekugusa?"

"Hakuna, Mama."

"Nakuuliza, nani?"

"Hakuna mtu."

Mara ya tatu sikungoja jibu. Nilikupiga kofi kwa mkono huu huu ulioshika peni. Hukulia. Uliniangalia, ukainama, ukaokota kuni zilizoanguka ukazipanga upya moja moja. Mpaka leo nikisikia kuni zinagongana naliona shavu lako.

Kesho yake sikwenda kuchuma. Nilikutanguliza njiani hadi zahanati, umevaa sare ya shule ili watakaotuona wafikiri ni malaria. Nesi Mwanaidi alikuwa na miaka miwili tu huku, ametoka Tanga, na alikuwa anavaa sweta mbili chini ya koti jeupe hata mwezi wa kumi na mbili. Alinitoa nje akakaa na wewe. Sijui mliongea nini, ila nilikusikia unacheka mara moja, na kicheko kile kilinitisha kuliko kama ungelia, maana mimi nilikuwa nimeshakuandalia msiba.

Kisha akatoka, akanivuta pembeni penye matone ya paa.

"Mama Bupe, mtoto ni mzima."

"Na ule uchafu?"

"Si uchafu, mama yangu. Ni ute. Msichana huanza kuuona miezi kadhaa kabla ya damu ya kwanza, wengine hata mwaka mzima. Mwili wajiandaa. Haumuwashi, hauna harufu mbaya, haumuumi popote. Ukikaukia kwenye nguo waacha manjano, ndivyo ulivyo." Akanishika bega. "Sasa mwambie wewe mwenyewe. Nimeona ana hofu. Nikimwambia mimi atanisikia, ila ukimwambia wewe ndiyo atatulia. Mwambie ni mzima."

Nikasema, "Sawa, nesi. Nitamwambia."

Huo ndio ujumbe, Bupe. Maneno yenyewe hata hayajai kiganja. Tulipofika darajani ukaniuliza, "Mama, nesi amesema nini?" Nami nikakujibu, "Amesema unawe vizuri."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kukuambia ulikuwa mzima kulikuwa ni kukuambia kwamba nilikupiga bure, na mzazi kumwomba radhi mtoto sikuwahi kuona kwa macho yangu. Mama yangu akikukosea alikuwa anakupikia kitu kizuri, unakula, yanaisha. Basi jioni ile nami nikakupikia ndizi kwa maziwa. Ulikula nusu sahani ukasema umeshiba, na mimi nikajiambia yameisha.

Hayakuisha. Uliitii ile amri yangu ya uongo kama unavyotii kila kitu ulichoelezwa na mtu unayemwamini. Ulikuwa unanawa asubuhi na jioni kwa sabuni ya mche, ile ile ya kufulia. Niliona sabuni inakwisha haraka nikakusifu mbele ya kaka zako kwa usafi. Baada ya miezi michache ukaanza kutembea kwa uangalifu na kukaa kwa upande mmoja. Nikaona, nikanyamaza. Hadi siku moja ulipochelewa kurudi kutoka shule ukasema ulipitia zahanati. Sikukuuliza umefuata nini. Tangu siku hiyo sabuni ikawa inadumu, na wewe ukawa na daftari la bluu ambalo hukumwonyesha mtu.

Damu yako ya kwanza hukuniambia. Ulimwambia bibi, na mimi niliisikia Lufingo wiki mbili baadaye, bibi akinipongeza na mimi nikijifanya najua. Nilistahili. Ila niseme ukweli, iliniuma.

Sasa nifike mahali ninapopapenda. Mwaka jana, likizo ulipomaliza kidato cha tano, ulikuwa unakuja kunisaidia kuchuma. Kuna siku tulikaa bandani tukingoja trekta, wanawake kama kumi, mvua imetuzingira, na Mama Subi akaanza kumpa msichana mmoja aliyeolewa karibuni ile dawa yetu ya majani na chumvi. Wewe ulikuwa unakula parachichi. Ukauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Subi, kwa nini unaosha kitu kinachojiosha chenyewe?"

Wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ifunguke. Lakini hukuaibika na hukumwaibisha mtu. Uliweka parachichi chini ukaanza kueleza. Damu ikiisha, ulisema, wengi hukaa siku chache wakavu. Kisha ute huanza, mzito kidogo na wa kunata. Baadaye unakuwa mweupe na laini kama mtindi uliopigwa. Halafu zinafika siku chache ambapo unakuwa mwingi, hauna rangi, unateleza na kuvutika kama ute wa yai bichi.

"Hizo ndizo siku ambazo yai lako liko karibu kutoka," ulisema. "Mimba hupenda kuingia siku hizo. Zikipita, ute unakuwa mzito tena au unapungua kabisa, hadi damu irudi."

"Kwa kila mtu?" akauliza yule bibi harusi.

"Si sawasawa. Mwenye mimba unamwongezekea, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango unambadilikia. Kila mtu ana wake. Ndiyo maana uujue wako, ili siku usipokuwa wako ushtuke."

Mama Subi alijivutia kitenge mabegani. Akasema, "Kwa hiyo ule wa kuvutika kama yai..."

"Ni uzima, Mama Subi."

"Jamani. Miaka yote hiyo nimekuwa natibu uzima."

Banda lote likacheka, na yeye akacheka kuliko wote, huku anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Ndipo ukawaeleza ule usio wako unafananaje: mabonge meupe kama maziwa yaliyokatika pamoja na mwasho mkali, au wa kijivu wenye harufu ya samaki, au wa kijani wenye povu, au wowote unaokuja na maumivu chini ya tumbo. Ukasema kila mmoja una dawa yake na hakuna hata mmoja ambao dawa yake ni chai, kwa hiyo mtu akapimwe. Damu baada ya kulala na mume, akapimwe. Na mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, asiseme ni uzee.

Muda wote huo nilikuwa nimeinamia gunia langu najifanya nafunga kamba. Machozi yalikuwa yananidondoka juu ya majani. Nusu yalikuwa ya fahari, maana yule aliyekuwa anawafundisha wanawake wa rika langu nilimzaa mimi. Nusu nyingine yalikuwa ya woga, kwa sababu mimi nilikuwa nimekoma hedhi miaka mitatu, na damu nilikuwa nimeiona.

Jioni tulikuwa tunamenya ndizi hapa hapa nilipokaa.

"Mama, pale bandani wewe hukucheka."

"Nilikuwa nimechoka."

Ukamenya ndizi nyingine mbili. "Ina rangi gani?"

"Nini?"

"Hiyo unayoificha."

Kisu kilinitoka mkononi. Nikasema, "Kama maji yaliyooshea nyama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Pasaka."

"Ina harufu?"

"Kidogo."

"Kesho twende hospitali. Nitakusindikiza."

Nilikungoja uulize lile swali langu. Hukuuliza nani. Hukuuliza baba alikuwa wapi, wala nilifanya nini. Uliuliza rangi, ukauliza muda, ukauliza harufu, kama unavyoliuliza jiwe, kisha ukaokota kisu changu ukakifuta ukanirudishia. Yale maswali matatu ndiyo niliyopaswa kukuuliza mimi nyuma ya kuni, na majibu yake yangenitosha kujua kwamba una afya. Nilijua hivyo pale pale, na bado sikufungua mdomo.

Yaliyofuata unayajua. Walichukua kinyama kidogo kwenye mlango wa kizazi wakakipeleka kupimwa, na kwa wiki tatu ulihamishia godoro lako chumbani kwangu ukidai chako kinavuja. Hakikuwa kinavuja, nilikwenda kukiangalia. Siku ya majibu daktari aliniambia, "Mama, umewahi. Chembe zilikuwa zimeanza kubadilika, ila haijawa saratani. Ungekaa nayo miaka, leo tungekuwa tunaongea mengine." Wakaiondoa sehemu ile, na nimerudi kuangaliwa mara mbili, niko salama. Kuna jambo moja hulijui kwa sababu ulikuwa nje kwenye benchi. Daktari aliniuliza nani alinishauri nije. Nikasema binti yangu. Akauliza, "Ni nesi?" Nikamwambia, "Hapana, ni mtu wa mawe." Sijawahi kujibu swali la daktari kwa raha kama siku ile.

Ndiyo, mwanangu, mimi niliyekudanganya kuhusu mwili wako niko hai kwa sababu wewe uliujua.

Kuhusu huko uendako sina la kukufundisha kwa habari ya ute, umenipita. Ila watu nawajua kidogo kukuzidi. Utakutana na watakaokuambia ukavu ndio usafi. Wengine watakuwa wasichana wenzako bwenini wenye vidonge vya kubana na sabuni za manukato walizoziona kwenye simu. Mwingine anaweza kuwa mwanamume mzuri tu, mwenye maneno mazuri, ambaye naye alidanganywa na waliomtangulia. Usimtukane. Mweleze kama ulivyomweleza Mama Subi, na kama hasikii, muache na ujinga wake, mwili ni wako. Na zile siku za ute wa yai, usije ukaziamini kwa kuhesabu tu. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, najiona fundi wa kuhesabu siku. Neema ni ushahidi unaotembea.

Ukiumwa, nipigie. Ukiona kitu usichokielewa, kiwe cha aibu namna gani, nipigie, na nitakuuliza rangi. Nimeshafundishwa.

Sasa nikueleze kilichotokea saa moja iliyopita. Nilipomaliza kusoma daftari niliona siwezi kukuandikia barua ya toba wakati Neema ana miaka kumi na mmoja na sijamwambia kitu. Nilimwita hapa jikoni. Nikamweleza kwamba kabla ya damu ataona ute, kwamba si ugonjwa wala dhambi, kwamba akioga anawe kwa nje kwa maji tu, na kwamba akiuona aniambie nifurahi naye. Alinisikiliza amekaa wima kama yuko kanisani. Nilipomaliza nikamuuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa, Mama. Dada alishaniambia mwezi uliopita."

"Sasa mbona umeniacha niongee yote haya?"

"Dada alisema siku ukiniambia nikusikilize mpaka mwisho. Alisema utaniambia tu."

Akachukua ndizi ya kuchoma akaenda zake. Kumbe ulikuwa unaningoja, na ulikuwa na uhakika na mimi kuliko nilivyokuwa nao mwenyewe.

Nilipolishika daftari lako mara ya pili nikarudi ukurasa wa kwanza, ule niliokuwa nimeupita haraka kwa sababu macho yalikataa. Umeandika kwa ule mwandiko wako wa darasa la sita, herufi kubwa kubwa, na peni ilikuwa inavuja. Nakunakilia hapa neno kwa neno: "Leo nimekwenda kwa nesi peke yangu. Nesi amesema mimi ni mzima, nisitumie sabuni tena, nitapona. Amesema alimwambia mama siku ile. Mama alisahau."

Umekuwa ukijua, basi. Miaka minane. Umenifulia, umenipikia, umenipeleka hospitali, umelala sakafuni karibu na kitanda changu, na ulikuwa unajua. Na siku ile ya kwanza kabisa, ukiwa mtoto wa miaka kumi na miwili unayeumwa vidonda kwa ajili ya uongo wangu, ulitafuta neno la kunisitiri, ukalipata, ukaliandika.

Nimejivunia vyeti vyako, nimejivunia Dodoma, nimejivunia hadi hao wazee watatu wa baba yako. Lakini hakuna nilichokijivunia kama hayo maneno mawili, na ndiyo hayo nisiyoweza kuyaacha yalivyo. Neema atalisoma daftari hili, na sitaki ajifunze kutoka kwako kuwasitiri wakubwa wanaomuumiza.

Nisamehe, Bupe. Kwa kofi, kwa sabuni, kwa kukaa kimya. Sikupikii kitu leo ili yaishe. Nakuomba kwa maneno.

Nasikia Neema anafungua geti, nadhani umefika na mkungu wako. Barua hii naiweka ndani ya blanketi lako, uikute Dodoma. Daftari linabaki kama ulivyotaka. Nimechukua peni na kuongeza mistari mitatu kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya yako, kwa herufi kubwa kubwa kama zako:

Mama hakusahau.

Mama aliona aibu.

Nesi alisema, mwambie mtoto ni mzima.